Buluu ya Fundi

Maradhi ni mgeni asiyekubali kufichwa. Mfungie chumba cha uani, umpe mkeka na mtungi wa maji, umsihi asitoe sauti. Siku wageni wa heshima watakapojaa sebuleni, ndiyo siku atakayoichagua kukohoa. Kwa sababu hiyo waliotutangulia walituachia onyo: mficha maradhi, kilio humuumbua. Maana yake ni kwamba anayeusitiri ugonjwa kwa haya, kwa kiburi au kwa hofu ya kusemwa, hauponyi, anauahirisha tu. Na siku utakapojitangaza wenyewe, hautajitangaza kwa kunong'ona. Aliye na shaka na aisikilize habari ya seremala mmoja na pikipiki yake kuukuu.

Seremala huyo mtaa mzima ulimwita Fundi, jina alilopewa na wazazi wake likabaki kazi ya makarani. Mkewe alikuwa Mke wa Fundi, na paka wao, Mungu amghufirie wizi wake wa samaki, alikuwa Paka wa Fundi. Mwanamke huyo alikuwa mpole wa ulimi na mwepesi wa jicho. Nyumba yake ilifagiliwa hata pembe ambazo buibui wenyewe wamezisahau. Kama ungemwambia kwamba ndani ya nyumba hiyo, chini ya pua yake, kulikuwa na siri kubwa kuliko kabati la nguo, angekucheka na kukukaribisha chai.

Mali ya Fundi iliyompendeza kuliko zote ilikuwa pikipiki. Aliinunua ujanani, akamchukua mchumba wake kwayo, na kwayo akamrudisha mkewe kutoka hospitali akiwa na kitoto kichanga kifuani, binti yao wa pekee. Miaka ilipita. Binti akaolewa mji wa mbali, na pikipiki ikazeeka pamoja na mwenyewe: tangi likababuka, madigadi yakala kutu, kiti kikatoa sponji kama mzee anayetoa ulimi. Hata hivyo ilinguruma kila asubuhi, ikambeba Fundi hadi karakana yake, na nyuma yake akiketi mpiga randa wake wa siku zote, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye watu walimpachika jina la Sema Tena. Mashine za mbao zilikuwa zimemla masikio, na hakuna neno alilolitamka mara nyingi kuliko hayo mawili.

Ilipokuja habari kwamba binti anakuja kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, Fundi alisimama katikati ya sebule kama mtu anayekula kiapo.

"Nitamleta mwenyewe kutoka kituo cha basi. Pikipiki iliyomleta duniani ndiyo itakayomleta nyumbani."

"Na lile tumbo?" mkewe akauliza.

"Nitakwenda kama jongoo. Ila mwanangu hapandi chuma kilichobabuka. Naipaka rangi upya, kwa mkono wangu, hapahapa uani."

Kwa wiki nzima ua ulinuka rangi. Fundi alitundika shuka kuukuu mbele ya ghala la zana, akajifungia nyuma yake. Mkewe alisikia msasa ukikwaruza chuma tangu chai ya asubuhi hadi jua kichwani, kisha kimya, kisha msasa tena. Alipopeleka kikombe, mkono ulitokeza pembeni ya shuka, ukakipokea, na sauti ikasema, "Usichungulie. Kazi nzuri haichunguliwi." Naye hakuchungulia. Alikuwa na yake ya kufanya. Aliosha mapazia, akapanga vyombo, akaingia hata ghalani siku mumewe alipokuwa kazini, akiipa mgongo pikipiki kama alivyoagizwa, akapangua makopo na mifuko na kuyapanga vizuri, ili binti asije akaikuta nyumba kama soko lililovunjika.

Siku ya kuja kwa binti ikafika. Basi lilitarajiwa alasiri. Asubuhi, Fundi akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, alisimama kando ya shuka na kuita.

"Mama watoto! Njoo. Ila funga macho kwanza."

Mkewe akajifuta mikono, akacheka, akafunga macho kama msichana. Alisikia shuka likivutwa.

"Fumbua."

Akafumbua. Cheko lililokuwa mdomoni likamkauka.

Madigadi ya mbele, uma wa gurudumu na nusu ya tangi vilikuwa buluu iliyokolea, buluu safi ya kupendeza. Nusu ya pili ya tangi, na yote yaliyofuata hadi mkiani, yalikuwa kijani. Wala hakikuwa kijani kigeni. Alikijua kijani kile. Ndicho kilichobaki walipopaka mlango wa choo. Hayo angeweza kuyavumilia. Lakini kioo cha taa ya mbele kilikuwa kimepakwa. Kimepakwa mkono wa kwanza, kikapakwa na wa pili, kwa ustadi, bila michirizi, taa imekuwa jicho lililofumbwa. Na kioo cha pembeni, kile cha kutazamia magari yajayo nyuma, nacho kilikuwa kimepakwa buluu kote.

"Yalaa! Yalaa, Fundi! Umefanya nini?"

Ukelele wake ulipasua mtaa. Watu hawaulizi maana ya ukelele kama ule, huja mbio. Wa kwanza alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hakuna taarifa iliyompita. Aliingia na ndara ya mguu mmoja.

"Nani? Nani kafa? Msinifiche!"

Nyuma yake akaja kinyozi wa kibanda cha jirani, mkasi mkononi, na nyuma ya kinyozi mteja wake, nusu ya kichwa ina nywele na nusu imenyolewa kipara. Ua ukajaa. Wakaitazama pikipiki. Pikipiki, kwa jicho lake lililofumbwa, haikumtazama mtu.

"Hajafa mtu," Redio akatangaza, kwa sauti ya aliyetulia na kusikitika kidogo. "Jamani, hii ni pikipiki au kasuku?"

Kinyozi akamsukuma mbele yule mteja wake. "Msiicheke. Imenyolewa nusu tu kama huyu. Fundi kaniita nije kumalizia."

Vicheko vikalipuka. Fundi naye akatabasamu, akaipapasa pikipiki yake kama mtu anayempapasa farasi.

"Chekeni, chekeni. Mwenye wivu ajinyonge. Mmeona buluu hiyo? Buluu tupu, kichwa hadi mkia, kama maji ya kilindini. Sijaacha hata doa."

Watu wakazidi kucheka, wakishikana mabega. Walidhani anawatania kwa uso mkavu. Mtu mmoja tu hakucheka. Mkewe alimjua kwa miaka yote ile. Fundi akitaka kutania alivuta kwanza ncha ya sikio, na hilo hakupata kulikosea tangu siku ya posa. Safari hii mkono wake haukwenda sikioni.

Mwanamke yule akawapita waliokuwa wakicheka. Akamsogelea, akasema chini kwa chini:

"Baba watoto, taa umeifanyaje?"

"Nimeisafisha. Ilikuwa na vumbi la mwaka mzima."

"Ishike."

Fundi akapeleka kiganja juu ya taa. Kiganja kikapita, kikasimama, kikarudi. Vidole vya seremala havidanganyiki. Vinajua kioo na vinajua kioo kilichovikwa nguo. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi ya uso wake ikapotea. Hapo ndipo angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, mkewe yu karibu, lugha i mdomoni. Lakini kiburi ni mlinzi mbaya wa mlango. Huufunga wakati wa kutoka.

"Ni kinga," akasema kwa sauti ya juu ili wote wasikie. "Kioo hupakwa kwanza kisipate mikwaruzo, halafu hufutwa. Mambo ya kiufundi hayo, hamyajui."

Akatoa ufunguo mfukoni, akaondoa stendi, akaikokota pikipiki kuelekea lango.

"Saa zinakwenda. Nakwenda kumngojea mwanangu."

Karibu na lango palikuwa na kamba ya nguo, na juu ya kamba palikuwa na gauni la mkewe, lile refu la nyumbani, limetandazwa mabega hadi pindo, linayumba kidogo kwa upepo. Fundi akafika mbele yake, akasimama.

"Nipishe njia, mama watoto."

Gauni likayumba.

"Nimesema nipishe. Mbona unanitazama hivyo?"

Kicheko kilikufa kama taa iliyozimwa kwa pumzi. Redio, ambaye hajapata kukosa la kusema, aliufunika mdomo wake kwa mikono miwili. Mkasi wa kinyozi ukamning'inia kidoleni. Mke wa Fundi hakuwa langoni. Alikuwa nyuma ya mumewe, kandokando ya bomba la maji, hatua chache tu, machozi yakimshuka bila sauti.

"Fundi," akasema. "Mimi niko huku."

Ufunguo ukamponyoka Fundi, ukalia juu ya saruji.

Na katika kimya kile, ambacho mtu mwingine yeyote angekisikia tangu barabarani, akaingia Sema Tena, kavaa kanzu safi, anaunguruma kama kawaida ya asiyesikia sauti yake mwenyewe.

"Fundi! Uko tayari? Kurudi tutabanana watatu. Twende zetu, macho yako yamefika!"

Mke wa Fundi akageuka polepole. "Macho ya nani?"

"Sema tena?"

"Nimesema macho ya nani!"

"Macho yake!" Sema Tena akajibu kwa furaha, asijue kwamba anabomoa ukuta. "Si mimi ndiye macho yake? Nikimgusa bega la kulia, anakata kulia. La kushoto, kushoto. Nikimpiga mgongoni mara mbili, breki. Na yeye ni masikio yangu, honi ikilia ananipiga kiwiko. Mwaka wa ngapi huu, hatujagonga hata kuku! Kuku mmoja tu," akajisahihisha, "na yule alikuwa na haraka zake."

Aliponyamaza alizitazama nyuso, akamtazama rafiki yake, na polepole akafahamu. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"La haula," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema taratibu.

Mke wa Fundi alishika ukuta. Mambo yalimjia mfululizo, kama makopo yanayoporomoka rafuni, kila moja likimpiga. Mume wake alikuwa ameacha kusoma msahafu, akasema ameuhifadhi kifuani. Aliacha kumimina chai, akasema, "Mimina wewe, chai ya mkono wako ina utamu wake." Aliacha kujitazama kiooni, akamkabidhi yeye kitana amchane ndevu. Akiingia mahali alitanguliza salamu kwa wote, ili wamjibu, ili ajue nani yupo. Na yeye, mwepesi wa jicho, mwenye kuona buibui pembeni, aliyachukua hayo yote akayadhani mapenzi. Kisha likaja zito kuliko yote: wiki moja kabla ya rangi alikuwa amepandishwa pikipiki ile hadi sokoni na kurudi. Bila Sema Tena. Na leo, laiti lisingekuwa kopo alilolihamisha yeye mwenyewe, binti yake na kilichomo tumboni mwake wangepanda.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakupiga kelele. Ukelele alikuwa ameshautumia wote. "Kwa nini, mume wangu?"

Fundi alikuwa bado ameishika pikipiki, kama mtu anayezuiwa nayo asianguke.

"Uliwahi kumwona baba yangu?" akasema. "Alifariki hujaja kwetu. Alipofuka. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya fimbo, yeye akashika ncha ya pili. Wenzangu wakicheza mpira, mimi navuta fimbo. Nikamwambia Mungu wangu, mtoto wangu hatashika fimbo ya mtu. Basi ukungu ulipoanza, nikasema utapita. Haukupita. Nikasema nitauzoea."

"Na buluu?"

"Kopo la buluu liliisha katikati ya tangi. Lingine nililiweka kulia, rafu ya chini. Nikanyoosha mkono, nikalikuta. Nikalinusa, nikalikoroga. Lilikuwa rangi." Akaigeukia sauti ya mkewe. "Lina rangi gani, mama watoto?"

"Kijani," mkewe akasema. "Kile cha mlango wa choo."

Baadhi ya watu waliokuwa pale walisema baadaye kwamba hapo ndipo walipotaka kucheka na kulia kwa pamoja, wakashindwa yote mawili.

Binti aliletwa na kinyozi, kwa gari la kukodi, na mteja wake alingojea kunyolewa nusu ya pili hadi jioni. Alipoingia na kuiona pikipiki alitoa macho, akauliza ni mtoto gani mtundu aliyeichezea. Alipojibiwa, hakukubali hata kuvua viatu hadi baba yake aahidi kwamba kesho yake atakwenda hospitali.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na taa ndogo kali. Alimchungulia Fundi jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Mkewe na binti walisimama ukutani wamejibana kama kanga za doti moja.

"Jicho la kulia lina mtoto wa jicho," daktari akasema. "Hilo tutalisafisha, na ataona. La kushoto..." Akaizima taa yake. "La kushoto limekwisha, mama. Ni presha ya jicho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kidogo kidogo hadi inafika katikati. Hilo halirudi."

"Hakuna upasuaji?" binti akauliza.

"Wa kuzuia, upo. Wa kurudisha, haupo. Hata dawa ya matone tu ingemsaidia sana, angekuja mapema. Na la kulia nalo presha imeanza. Atatia matone maisha yake yote."

"Mapema lini?" Mke wa Fundi akauliza.

"Siku alipoanza kuficha." Daktari akamgeukia mgonjwa. "Mzee wangu, katika ukoo wako kuna aliyepofuka?"

"Baba yangu."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Ugonjwa huu hutembea na damu. Mtu ambaye baba yake alipofuka ndiye angetakiwa kufika hapa wa kwanza kabla ya watu wote. Wewe umekuja wa mwisho." Kisha akamwonyesha binti kiti. "Na wewe kaa hapa, nikupime."

Fundi aliposikia kiti kile kikivutwa na mwanawe akikikalia, ndipo akafahamu. Siri aliyodhani anaibeba yeye peke yake ili kumkinga mtoto wake, ndiyo iliyokuwa ikimficha mtoto wake asipate kinga. Alikaa akisikiliza taa ikiwashwa na kuzimwa, akinong'ona dua zote alizozihifadhi kifuani, hadi daktari aliposema, "Huyu hana kitu. Lakini kila mwaka aje." Fundi akalia kwa sauti, mbele ya watu, bila kuona haya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu azikwe baba yake.

Sema Tena, aliyefuatana nao hospitali pamoja na mke wake, naye alisukumwa na mke huyo hadi chumba cha pili, kwa daktari wa masikio. Huko kulitokea mastaajabu mengine. Aliwekewa matone, akapigwa maji kwa bomba, na masikioni mwake vikatoka vidonge vya nta iliyogandamana na unga wa mbao wa miaka na miaka, vyeusi kama kahawa. Sehemu ya usikivu ilikuwa imekwenda na mashine, haikurudi. Lakini nyingine yote ilikuwa imezibwa tu. Alitoka nje akiziba masikio kwa viganja.

"Jamani, dunia ina kelele hivi?" Akamtazama mkewe aliyekuwa akimsimulia jambo tangu mlangoni. "Na wewe siku zote ulikuwa unasema yote hayo?"

"Hata nusu sijafika," mkewe akamjibu.

Fundi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Bandeji ilipofunguliwa na akarudishwa nyumbani, jambo la kwanza aliloliona uani lilikuwa pikipiki. Akasimama mbele yake, kinywa wazi. Akaizunguka. Akatazama buluu, akatazama kijani, akainama mbele ya taa iliyofumbwa.

"Subhanallah," akasema. "Ndiyo hii? Na mkaniacha nisimame hapa nikijisifu?"

"Tulijua unatania," Redio akasema akichungulia juu ya ukuta.

Mkewe alipendekeza ipakwe upya. Fundi akakataa. Alikwaruza taa na kioo hadi vikarudi kuwa vioo, akamkabidhi Sema Tena ufunguo, na rangi akaziacha zilivyo. Tangu siku hiyo alipanda nyuma, na wapita njia walioicheka pikipiki ya rangi mbili aliwaruhusu wacheke.

Binti akajifungua salama, mtoto wa kike. Wakamlaza kwenye mkeka sebuleni, na Fundi akakaa kando yake, akimngojea afumbue macho. Paka akapita, naye Fundi akamtazama kidogo. Ghafla mtoto akalia. Babu yake akageuka upande wa kulia, hakumwona. Akatazama mbele, hakumwona. Akashtuka, akapapasa mkeka kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa palepale, ubavuni mwake, upande wa kushoto.

Mkewe akamwinua mjukuu, akazunguka naye, akamweka upande ule mwingine. Fundi akamtazama mtoto kwa jicho lililobaki, akamtazama sana, na huku upande wake wa kushoto sebule yote, pamoja na binti yake aliyekuwa amesimama hapo akimtazama, ilikuwa giza. Mficha maradhi, kilio humuumbua.